Barabara ya Tunduma katika Vitabu vya Historia ya Magari

Msomaji wa Hasamba, Vwawa au Tunduma hawezi kuitenga historia ya gari na barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ikaukata Mkoa wa Songwe na kuingia Zambia, kwa kuwa shughuli nyingi za mkoa huo hufuata mwendo wa malori yanayopita humo mchana na usiku. Hata hivyo, vitabu vinavyoitwa vya historia ya magari, yaani vile vinavyosimulia asili ya magari, mashindano yake, na magari ya kale yanayotunzwa kwa thamani ya kihistoria, vimeandikwa zaidi kuhusu viwanda na madereva wa Ulaya na Marekani, na vinapoigusa Afrika Mashariki huitazama kama uwanja wa kupimia uimara wa magari ya wengine.

Miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya aina hiyo ni kile cha Paul Graetz, ofisa wa jeshi la Kijerumani, ambaye aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 akiwa na gari lililotengenezwa Gaggenau, Ujerumani, akafika Swakopmund, katika pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Simulizi yake, iliyochapishwa mwaka 1910, ilimpatia sifa ya kuwa mtu wa kwanza kulivuka bara la Afrika kwa gari, na safari ya siku 630 si jambo la kubezwa. Lakini njia za magari hazikuwapo wakati huo, na petroli ilibidi itangulizwe kwenye vituo vilivyopangwa njiani, ikibebwa na wapagazi, kiasi kwamba safari iliyosifiwa kwa nguvu za injini iliwezekana kwa miguu na mabega ya watu ambao historia ya magari haikuhifadhi majina yao.

Hali hiyo haikubadilika sana katika kitabu cha Stella Court Treatt, kilichotoka mwaka 1927, kinachoeleza safari ya magari mawili ya Crossley kutoka Cape Town, Septemba 1924, hadi Cairo, Januari 1926, kupitia Rhodesia, Tanganyika, Kenya na Sudan. Mvua za Rhodesia ziliwachelewesha kwa miezi, na katika maeneo ya mito na vinamasi magari yalivutwa kwa kamba na wenyeji. Msafara huo ulikuwa pia na Julius Mapata, mkalimani wake Mwafrika, ambaye angalau jina lake lilibaki katika kumbukumbu.

Vitabu vya mbio za magari vina ukarimu kidogo zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa kuwa ni rali, yaani mashindano ambayo dereva hushindana na saa kutoka kituo hadi kituo badala ya kukimbizana na wenzake uwanjani, mshindi hupatikana kwa kuchelewa kidogo kuliko wengine. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Joginder Singh wa Kenya alishinda miaka ya 1965, 1974 na 1976, na Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404, gari ambalo sifa yake ya kustahimili barabara mbovu ilienea Afrika Mashariki nzima.

Katika miaka hiyohiyo ya ushindi wa Shankland, mbio nyingine kali zaidi, zisizo na kombe wala watazamaji, zilikuwa zikiendelea kuelekea Tunduma. Utawala wa walowezi wa Rhodesia ulipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965 na Zambia ikakosa njia yake ya kawaida ya kupata mafuta, mapipa ya mafuta yalilazimika kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, na shaba ya Zambia ikarudishwa bandarini kwa njia hiyohiyo. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na sehemu kubwa ya njia wakati huo ilikuwa ya udongo, ambao kiangazi ulitimka vumbi la kumziba dereva macho na masika ukageuka utelezi wa kuliporomosha lori makorongoni pamoja na mzigo wake. Wageni waliiita njia ya jehanamu, na jina halikuwa la kutia chumvi. Bomba la mafuta lililofunguliwa mwaka 1968 lilipunguza mzigo huo, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, ambayo nayo hupita Tunduma, ikakamilika katikati ya muongo huo.

Kama uimara wa gari na ustadi wa dereva ndivyo vinavyostahili kuandikwa, ni vigumu kuona kwa nini rali ya siku chache ipewe vitabu vya picha za rangi huku dereva wa lori na utingo wake, yaani msaidizi anayeweka kigingi nyuma ya tairi kwenye mlima na kulala chini ya treila gari linapoharibika, wakiachwa katika takwimu za tani za mafuta.

Wanahistoria wameanza kuliona pengo hilo. Kenda Mutongi alichapisha mwaka 2017 historia ya matatu za Nairobi, na Joshua Grace alitoa mwaka 2021 kitabu kuhusu magari katika Tanzania, akitumia nyaraka pamoja na mazungumzo na madereva na mafundi. Kwa Grace, gereji ya mtaani, ambako springi iliyovunjika huunganishwa na kipuri cha gari moja huchongwa kikae kwenye jingine, ni mahali pa maarifa, na gari lililoundwa upya humo lina historia yake mbali na ile ya kiwanda. Mtazamo huo unabadilisha hata maana ya gari la kale, kwa sababu mkusanyaji wa Ulaya hulithamini gari ambalo halijabadilishwa kitu, ilhali lori lililodumu miaka 40 katika barabara ya Tunduma limedumu kwa kubadilishwa karibu kila kitu.

Vitabu hivyo viwili vimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa wanaosimuliwa humo hawaitumii kazini, na madereva waliokuwa na umri wa miaka 20 mapipa ya kwanza yalipopita Vwawa sasa wanakaribia au wamepita miaka 80.