Usione Wembamba wa Soksi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi watu wa pwani, tuchomwao na jua la kaskazi tangu asubuhi, baridi ya theluji tutaijuaje? Soksi kwetu ni vazi la shule na la harusi. Lakini leo ni nyumba ngapi za Mombasa, Malindi na Lamu zenye mtoto Ulaya au Marekani? Na baridi imshikayo mwana huko humkosesha mamake usingizi huku.

Wala si masomo na kazi tu yanayowafikisha Wakenya thelujini. Philip Boit wa Eldoret alikwenda Finland mwaka 1996 kujifunza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu nyembamba zifungwazo miguuni. Mwaka 1998 alishindana katika Olimpiki za majira ya baridi kule Nagano, Japani, masafa ya kilomita 10. Akawa wa mwisho. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kiasi cha dakika 20 ili amkumbatie, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Mpwa wangu, mwanafunzi huko huko Norway, si Boit. Alipoalikwa na wenzake kwenda mlimani kujifunza skii, bibi yake alimtumia soksi nene za pamba, jozi sita. Kijana akavaa tatu kwa pamoja. Kabla ya adhuhuri akawa hana habari ya vidole vyake.

"Mjomba," aliniambia kwa simu, "nilivigusa kama navigusa vya mtu mwingine."

Alhamdulillahi, vilirudi. Wapo ambao baridi huwaua nyama ya vidole, vikakatwa.

Kosa liko wapi? Watu hudhani kwamba joto limo katika unene wa kitambaa. Sivyo. Joto ni la mwili, huletwa vidoleni na damu. Soksi kazi yake ni kulizuia lisitoroke, na linalozuia hasa ni hewa iliyotulia baina ya nyuzi. Tazama mto wa sufi: ukiwa mpya umefura una joto, ukilaliwa miaka ukawa bapa, joto lake limekwisha. Sasa kiatu cha kuteremkia mlima kwa skii ni cha plastiki ngumu, humkamata mtu mguu kama koa ndani ya kombe lake. Ukijaza soksi tatu humo, hewa yote inakamuliwa, na mishipa inabanwa hata damu isifike vidoleni. Ndipo soksi tatu zikashindwa na moja.

Tena zile zilikuwa za pamba. Pamba hunywa jasho ikakaa nalo, na mguu mchepechepe penye baridi ni balaa. Kifaacho ni sufu ya kondoo, ambayo Mola ameitaja miongoni mwa neema zake katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80. Unywele wa sufu umejikunja-kunja, kwa hiyo hushika hewa; na huweza kunyonya mvuke wa jasho karibu thuluthi ya uzito wake, na mguu usihisi majimaji. Iliyo bora kwa soksi ni ya kondoo wa merino, mwenye asili ya Uhispania, ambaye leo hufugwa sana Australia na New Zealand. Sufu yake ni laini, hufumwa nyembamba na haiwashi.

Basi anunuaye na atazame haya. Soksi iwe moja, nyembamba, yenye sufu nyingi na nailoni kidogo ya kuipa nguvu. Ifike chini ya goti, ipite mdomo wa kiatu. Aigeuze ndani nje, apapase penye vidole: mshono ukiwa na kinundu, aiache. Isimpwaye, kwani kunjo moja chini ya kiatu kigumu huzaa lengelenge. Asiivae tangu nyumbani ikalowa jasho njiani, bali aibadilishe pale pale mlimani. Na asiifue kwa maji ya moto, sufu hurudi.

Kisha likazuka suala la udhu: je, aweza kupaka maji juu ya soksi hizo badala ya kuosha miguu? Katika madhehebu yetu ya Shafi, kinachopakwa ni khuffu inayofunika vifundo, inayoweza kutembelewa, isiyopenya maji, iliyovaliwa baada ya tohara kamili. Kwa mkaazi mchana na usiku wake, kwa msafiri siku tatu na masiku yake. Soksi nyembamba ya sufu haifiki hapo. Ule wembamba unaoifaa mlimani ndio unaoikosesha sharti msalani. Nikamwambia aoshe miguu, aikaushe sawasawa hata baina ya vidole, ndipo avae. Tone moja likibaki humo litamtesa mchana kutwa. Wa madhehebu mengine na amuulize sheikh wake.

Kijana alipokuja likizo alimwonyesha bibi yake soksi zake mpya. Bibi akaiinua moja mbele ya dirisha, akacheka: "Hii ni soksi ama utando wa buibui?"

Akajibiwa, "Bibi, usione wembamba wa reli, garimoshi hupita."

Bibi hakujibu. Alimshika mguu, akamhesabu vidole kimoja kimoja, hata kumi vikatimia.