Malishka, sauti iliyoimba mashimo ya Mumbai

Ukitaja mwigizaji wa Kihindi hapa bwenini, wengi wetu tunawaza watu wanaocheza kwenye mvua. Mimi namtaja Malishka Mendonsa. Yeye jina alilijenga redioni, Red FM ya Mumbai, kwenye kipindi cha asubuhi, wakati jiji liko kwenye foleni.

Julai 2017 alichukua wimbo uliokuwa ukivuma, akauwekea maneno ya kejeli kuhusu mashimo ya barabarani. Ukasambaa kweli kweli. Halmashauri ya jiji ilikasirika. Wakaguzi wakaenda nyumbani kwa mama yake, wakasema wamekuta viluwiluwi vya mbu, wakatoa notisi. Hapo kila mtu akajiuliza: kwa nini nyumba ile, na kwa nini wiki ile?

Novemba mwaka huohuo alionekana kwenye filamu ya Tumhari Sulu, ambamo Vidya Balan ni mama wa nyumbani anayegeuka mtangazaji. Malishka aliigiza mtangazaji, kazi anayoijua.

Sinema ilimwongezea sura tu, jamani. Nguvu aliipata kwa kusema kero ya msikilizaji. Sisi tunaogombea maiki chuoni, tunasema kero ya nani?