Apepesukaye Si Lazima Awe Mlevi

Tumwonapo mtu apepesuka njiani na maneno yake hayaeleweki, upesi twasema kalewa. Huenda hukumu hiyo ikamdhulumu mgonjwa.

Nyuma ya kichwa, juu kidogo ya shingo, mna kipande kiitwacho ubongo mdogo. Uzito wake ni kama sehemu moja katika kumi ya ubongo wote. Kazi yake si kutoa nguvu, bali kuzipima: hatua iwe ndefu kiasi gani, mkono usimame wapi, mwili usielemee upande. Katika mwaka 1917 tabibu Gordon Holmes wa London alieleza hali ya askari waliojeruhiwa mahali hapo vitani. Hawakupooza, lakini mkono ulionyoshwa kushika kitu ulitetemeka na kukipita.

Pombe huvuruga ubongo huu, ndiyo maana mlevi hupepesuka. Lakini mshipa wa damu ukizibika humo, hata asiyepata kuonja tone hupepesuka vivyo hivyo.

Basi ndugu yetu apatwapo na hali hiyo ghafula, tusimcheke wala tusingoje kesho. Tumpeleke hospitali saa ile ile.