Samaki si Bubu: Sauti za Chini ya Tanganyika

Askari akeshaye lindoni usiku katika ufuko wa Rumonge huona taa za wavuvi wa ndagala zikimetameta ziwani, wala hasikii ila mawimbi na upepo. Hudhani ya kuwa chini ya maji hayo viumbe vyote ni bubu. La, hasha! Wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Sauti husafiri majini mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Kwa hiyo mahali ambapo jicho halifiki mbali, samaki hutumia sauti kama askari atumiavyo redio. Katika matumbawe ya bahari, wako wagonganishao meno ili kumwonya adui, na wako watetemeshao kibofu chao cha hewa mfano wa ngoma.

Tanganyika haina matumbawe, ina majabali. Humo hukaa aina nyingi za samaki wa jamii ya tilapia, ambao wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Mwaka 2017 wataalamu walieleza ya kuwa aina mojawapo, ambayo wakubwa kwa wadogo hulinda makao yao kwa umoja, hutoa mlio mwembamba. Naye gogogo husugua miiba ya mapezi yake katika mifupa ya bega. Mvuvi amshikaye huusikia mlio huo kwa masikio yake.

Je, sauti hizi zina faida gani? Huko Australia, katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2019, wataalamu waliweka vipaza sauti kwenye matumbawe yaliyokufa, vikatoa sauti za matumbawe yenye uhai. Samaki waliokuja huko walikaribia kuwa maradufu ya wale wa mahali palipoachwa kimya. Maana yake, samaki wachanga hufuata sauti ili wapate makao.

Hapa kwetu, vilima vikikatwa miti, mvua huteremsha udongo ziwani, ukafunika majabali. Samaki hukosa maficho na mazalio, na sauti zao hupungua. Askari ajua ya kuwa kituo kisichojibu redio kimo hatarini. Basi, amzuiaye mwenye kukata miti ovyo mlimani huwalinda pia samaki wa ziwani, na chakula cha wananchi.