Namna ya Kupima Vita Katika Maisha ya Mtoto

Waganga wanaotafuta kujua vita inafanya nini katika mwili wa mtoto wanapashwa kujibu kwanza ulizo moja linaloonekana jepesi: mtoto gani aliiona vita, na gani hakuiona? Tuangalie Masisi na Walikale. Huko mapigano yalianza mwezi wa tatu 1993 kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, yakafika Masisi upesi. Tangu siku zile amani haikukaa muda mrefu. Kusema «wote waliiona» si uwongo, lakini hakumsaidii muganga, maana hata watoto wa mlima mmoja hawakuiona sawasawa.

Njia inayopendwa na wataalamu ni ya ramani. Wanakamata orodha ya mapigano, kama ile ya ACLED, wanapiga duara, pengine la kilometa 50, na kila mtoto aliye ndani anahesabiwa. Kazi safi ya mezani! Lakini Walikale ni pori: kilometa 50 za ramani zaweza kuwa safari ya siku mbili au zaidi kwa miguu. Masisi watu wamesongamana milimani, na bunduki za ngambo ya mto zatosha kufukuza vijiji vingi usiku mmoja. Tena orodha inaandika tu habari zilizosikika. Kijiji kisicho na barabara wala simu kinaandikwa kuwa cha amani.

Kwa hiyo inafaa kuuliza mama wenyewe: Mulikimbia mara ngapi? Mulilala porini? Mulikosa kulima miezi mingapi? Maulizo hayo yana maana kubwa kuliko hesabu ya risasi. Uchunguzi wa International Rescue Committee juu ya miaka 1998 mpaka 2007 ulionyesha kwamba katika Kongo wengi hawakuuawa kwa silaha, bali kwa malaria, kuhara, ugonjwa wa mapafu na njaa. Karibu nusu ya waliokufa walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. (Jumla yake, watu milioni 5,4, inabishwa na wataalamu wengine, sababu hesabu ya vifo vya wakati wa amani haikujulikana vema.)

Kisha kuna umri. Njaa ikimkuta mtoto tumboni au kabla ya kuachishwa ziwa, si sawa na kumkuta wa miaka 10. Mama anasema: «Alizaliwa tulipokimbia mara ya pili.» Hapo katekista anajua mwaka, na kitabu cha ubatizo, kama hakikuchomwa, kinaonyesha siku. Tarehe itolewe kwa ruhusa ya padri na ya wazazi. Kitabu chenyewe kisitoke parokiani. Jina la kijana aliyepita kwa waasi, au la binti aliyetendewa vibaya, laweza kumletea hatari.

Inabaki shida moja ambayo ramani wala maulizo havikuimaliza. Watoto waliokufa, na wale waliokimbilia mbali, hawako nyumbani siku ya kuulizwa. Wakipimwa waliobaki tu, vita inaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa.