Je, Wajua? Kondoo Wanaosaidia Kuzalisha Umeme

Huko Talatan, nyanda kame za mkoa wa Qinghai nchini China, paneli za sola zilitandazwa juu ya ardhi iliyokuwa ikigeuka mchanga. Nyasi zikaota. Zikarefuka hadi zikaanza kuzikinga paneli jua. Dawa yake? Kondoo wa wafugaji wa jirani! Sasa wanajilia kivulini, na paneli zinapata mwanga wake.

• Siri ya nyasi hizo ni kivuli. Paneli hupunguza kasi ya upepo, na udongo haukauki upesi. Maji ya kuoshea vumbi hudondoka chini na kunywesha majani.

• Lakini jua lile lile huunguza. Mtambo wa sola wa Ivanpah, katika jangwa la Mojave, California, ulizinduliwa mwaka 2014. Una vioo zaidi ya 300,000, vyote vikielekeza miali ya jua kwenye minara mitatu. Ndege akikatiza kwenye miali hiyo, manyoya huweza kuungua angali hewani. Huweza kuanguka akiacha mkia wa moshi.

• Kobe nao walihamishwa. Kobe wa Mojave huishi shimoni karibu 95% ya maisha yake. Kabla ya ujenzi wa Ivanpah, ilibidi watafutwe shimo kwa shimo.

• Jua pia lina kiu. Huko Ouarzazate, Moroko, mtambo wa sola wa Noor I hupozwa kwa maji, jangwani! Wadogo zake, Noor II na III, hupozwa kwa hewa.