Petroli Ikipanda Bei, Tanga Lipandishwe

Wahenga walinena kuwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Zamani nyenzo zenyewe zilikuwa upondo, kasia na tanga. Siku hizi nyenzo ni mashine ifungwayo tezini, nayo haili upepo. Hula petroli, na petroli hununuliwa.

Natuitazame Lamu, mji uliotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ambako usafiri ni punda na vyombo vya baharini. Mtu wa Lamu hupanda chombo kwa haja: kwenda Faza kuzika, kuvuka Manda kuwahi ndege, kumpeleka mgonjwa. Lakini hupanda pia kwa starehe. Idi pili, jamaa hupakia wali, samaki wa kukaanga na buli la kahawa, wakaenda kutembea Takwa penye magofu, wakichunga maji yajae ndipo hori la mikoko lipitike. Wageni nao hukodi mashua jioni kutazama jua likitua. Bei ya mafuta ikipanda, matembezi haya ndiyo yaguswayo mwanzo, kwani haja haingoji, bali starehe huahirishwa.

Na bei imepanda kweli. Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli hutangaza bei mpya. Februari 2022 lita moja ya petroli Nairobi ilikuwa Sh129.72. Oktoba 2023 ilifika Sh217.36. Katikati ya miezi hiyo vilizuka vita vya Ukraine, shilingi yetu ikadhoofika, ruzuku ya serikali ikapunguzwa, na Julai 2023 ushuru wa VAT juu ya mafuta ukatoka asilimia 8 hadi 16. Baadaye bei ilishuka kidogo, ikawa karibu Sh180 mwishoni mwa 2024, lakini haikurudi ilikotoka. Mombasa ndiko mafuta yateremshwako melini, kwa hiyo ndiko yaliko nafuu. Sisi wa visiwani hulipia na safari yake.

Msomaji, hebu tupige hesabu pamoja. Mashine ya nguvu za farasi 40 ikivutwa kwa nguvu zake zote hula kama lita 15 kwa saa moja. Kwa bei ya Nairobi ya Februari 2022, saa hiyo ilikuwa kiasi cha Sh1,950. Kwa bei ya Oktoba 2023 ilikuwa Sh3,260. Hapo hatujatia oili inayochanganywa na petroli katika mashine nyingi za aina hii, wala ujira wa nahodha na baharia wake. Baba mwenye watoto watano akiisikia hesabu hiyo, huwaambia wanawe kuwa mwaka huu Idi itakuwa ya nyumbani.

Wasioacha kabisa hubadili mwendo. Wengine huenda karibu: aliyekuwa akienda Takwa hukomea Shela. Wengine hupunguza kasi, na hiyo ni busara, maana chombo kikilazimishwa kukata maji mbio, mafuta huliwa kupita kiasi cha mbio zenyewe. Hawa hawana la kulaumiwa.

Lakini iko njia nyingine ya kubana gharama, nayo ni ya kuogopesha. Nauli hugawanywa kwa kuongeza vichwa. Chombo cha watu kumi hupakia kumi na wanane, watoto wakikaa ukingoni na vesti za kuokoa maisha zikiwa pungufu. Au nahodha hutia mafuta ya kwendea na kurudia bila ya akiba, naye anajua kuwa msimu wa kusi bahari ya nje haina urafiki. Mashine ikizimika huko na chombo hakina hata kasia, petroli iliyookolewa haitamwokoa mtu. Sherehe ya Idi isije ikageuka matanga.

Mtu atauliza: Kwani tanga liko wapi? Swali hilo ndilo kiini cha maneno yangu. Petroli si mara ya kwanza kutupiga. Baada ya vita vya Oktoba 1973 huko Mashariki ya Kati, pipa la mafuta lilitoka karibu dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Lakini wakati ule vyombo vingi vya Lamu vilikuwa na mlingoti na foromali, na vijana wa kuvipeleka walikuwako. Dhoruba ya bei ilitukuta na mwamvuli. Hii ya sasa imekuta boti nyingi za faiba zisizo na mlingoti kabisa, na mashua nyingine zenye tanga lipandishwalo ili mgeni apige picha, huku mashine ikinguruma chini yake.

Tanga bila ya elimu ni kitambaa tu. Apelekaye tanga sharti ajue kaskazi inavyovuma tangu mwisho wa mwaka, kusi inapochukua zamu, na matlai yanapokuwa katikati. Ajue bamvua na maji mafu, na namna ya kubisha mkondoni bila ya kupanda fungu. Elimu hiyo haina kitabu wala cheti. Hutoka mkononi mwa mzee kuingia mkononi mwa kijana, na mzee akizikwa kabla ya kijana kushika demani, huzikwa nayo.

Nisieleweke kwamba tanga ni la bure. Kitambaa cha merikani hununuliwa, kamba huchakaa, mbao hutiwa kalafati, na chini ya chombo hupakwa deheni. Lakini tazama fedha hizo ziendako. Shilingi ya petroli hupita mjini kama mgeni wa usiku, ikaishia ng'ambo. Shilingi ya tanga humwendea mshona tanga, msokota kamba na fundi wa Matondoni aundaye mashua kwa tezo na shoka. Hubaki kwetu, ikanunua unga kwetu.

Wala simtukani mwenye mashine. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hangojei upepo, na ndege ya Manda haimngoji mtu. Hizo ni haja, na mashine ina haki yake humo. Lakini atembeaye kwa starehe ana haraka ya nini? Analipia mbio asizozihitaji, na kelele inayomnyima hata kusikia maji yakipiga ubavuni.

Heri mashindano ya mashua bado yapo, wakati wa Maulidi na katika tamasha ya utamaduni ya Lamu. Siku hiyo hakuna mashine, na kila mtaa husimama ufuoni kushangilia chombo chake. Lakini mashindano ni siku moja, na nahodha hafunzwi kwa siku moja. Matembezi ya kila wiki ndiyo madrasa yake.

Basi ninyi wenye mashua, rudisheni milingoti, mashine iwekwe kwa dharura. Ninyi wenye kukodi, ulizeni bei ya tanga kabla ya kuuliza bei ya mashine, mpange safari kwa maji na upepo badala ya saa ya mkononi. Na kila chombo kitokacho kwa matembezi kichukue kijana mmoja wa kufunzwa. Petroli huenda ikashuka kesho, ikapanda tena keshokutwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na ngama yetu sisi watu wa pwani ni tanga.